Saa Iliyowangoja Wageni

Mahindi ya mdomoni mwa gunia siyaamini. Mtu akikufungulia gunia lake akakutekea kiganja cha punje nyeupe, kavu, zilizojaa, ujue amezipanga hapo kwa ajili ya macho yako. Mimi huomba bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia, nikalichoma ubavuni, chini kabisa, mahali ambapo mwenyewe hakutaka niguse. Halafu nachukua chupa ya soda iliyokauka vizuri, natia zile punje, natia chumvi, natikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana maji. Ikianguka yote chini, sasa tunaweza kuzungumza.

Kwa kazi hiyo nimelea watoto hapa Busia, na baada ya watoto nimelea mjukuu. Mahindi nayatoa Masafu, mengine Kwapa kule Tororo, nayauza kwa Wakenya wanaovuka kila asubuhi. Shule niliacha darasa la tatu. Watu wa sokoni husema nina roho mbaya kwa kuwa simwamini mtu. Waseme. Hakuna aliyewahi kuniuzia mahindi yaliyovunda mara ya pili.

Mjukuu wangu huyo ana digrii ya hesabu. Naiandika sentensi hiyo taratibu kwa sababu naipenda. Anafundisha sekondari Tororo mjini, na jioni anarudi kulala kwangu. Mwaka jana chuo kimoja cha ng'ambo kilimwandikia kwamba kiko tayari kumpokea kwa digrii ya pili, na kumsomesha bure, ila kwanza afanye mtihani fulani wa hesabu na Kiingereza, unaofanyiwa kwenye kompyuta. Walimtajia alama. Akiifikia, nafasi ni yake. Asipoifikia, nafasi inakwenda kwa mwingine, na ule ufadhili nao unakwenda. Kulikuwa na mlango mmoja mdogo wa kutokea: angeweza kuwaomba wamsubiri mwaka mzima ajiandae zaidi, lakini walimwambia wazi kwamba nafasi ingekuwepo, ufadhili hawakuahidi.

Kwa hiyo swali lilikuwa moja tu nyumbani kwetu, asubuhi na jioni: yuko tayari au hayuko? Na hapo ndipo nilipoanza kusikia habari za mitihani ya majaribio.

"Unafanya mtihani ambao si mtihani," alinieleza, "ili ujue utapata ngapi kwenye mtihani wenyewe."

Nilimuuliza nani anautunga huo usio mtihani. Akasema inategemea. Neno hilo "inategemea" nikilisikia sokoni huwa nashika mkoba wangu.

Wa kwanza kututungia alikuwa mwalimu wa tuisheni ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, kijana mwenye viatu vilivyochongoka na chumba juu ya duka la misumari na mabati. Mjukuu wangu alifanya jaribio lake la kwanza akarudi nyumbani uso umemshuka. Alama ilikuwa mbovu, mbovu ya aibu. Yule kijana alimwambia asijali, kazi ipo lakini atamsaidia. Jaribio lililofuata likapanda kidogo. La baada ya hapo likapanda tena. Mtoto akaanza kuimba akiosha vyombo.

Mimi sikuimba. Ujanja huo nimefanyiwa tangu nikiwa msichana. Mnunuzi anakuja, anatafuna punje yako moja, anatema, anakunja uso kana kwamba umemlisha udongo. Mahindi yako yote yanageuka takataka kwa kutema huko kumoja. Jioni unayakuta yaleyale kwenye kibanda chake, anayasifu kwa wateja kama mama wa bwana harusi. Nikajiambia, huyu wa viatu amemtemea mjukuu wangu siku ya kwanza, na sasa anamsifu ili aone ametengenezwa na yeye.

Nikavuka naye siku moja kumwona. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti chenye magurudumu ambacho nacho sikukiamini, akaniita mathe, yaani mama kwa lugha yao ya mjini. Nilimuuliza maswali ya majaribio anayatoa wapi. Akasema anayatunga mwenyewe, kwa uzoefu. Nikamuuliza yeye mtihani wenyewe aliufanya lini. Akazunguka, akaniambia habari za wanafunzi wake walioko nchi za baridi. Nikarudia swali.

"Mathe, hii yangu na ile ya kweli ni mapacha," akasema. "Huwezi kutofautisha."

"Mapacha nimezaa," nikamwambia. "Mmoja alikuwa ananyonya, mwingine ananing'ata. Anayesema mapacha hawatofautiki hajawahi kuwalisha."

Mjukuu wangu alitazama sakafu. Kwenye njia ya kurudi hakunisemesha mpaka tulipopita forodha, na hapo alinisemesha kwa hasira: kwamba nimemwaibisha, kwamba si kila mtu ni dalali. Lakini hakurudi tena kwenye chumba kile, na sikuhitaji kumkataza. Baadaye nilijua kwamba alikuwa amekwishaona mwenyewe maswali yanayojirudia, yale yale ya mwanzo yamebadilishwa tarakimu tu. Ndiyo maana alama zilikuwa zinapanda.

Basi akahamia majaribio mengine. Hayo, alisema, yanatolewa na wenye mtihani wenyewe. Unayafungua kwenye kompyuta, bure, na maswali yake ni ya kweli, yalikwisha kutumika zamani.

Ndiyo kwanza nikashtuka. Bure? Mwenye mtihani anakupa mtihani bure, ili iweje? Mwenye mahindi akikuletea na chupa yake ya chumvi, wewe huulizi chupa hiyo imekaa wapi?

Alinieleza kwa subira, maana yeye ni mwalimu. Akasema wao hawapati faida kwa kumdanganya, mtihani ataulipia tu. Akasema mashine inapima kwa namna ileile: ukijibu vizuri sehemu ya kwanza, inakuletea ya pili iliyo ngumu zaidi. Hapo nilielewa, maana askari wa forodha naye yuko hivyo, ukimjibu vizuri la kwanza anatafuta la kukukwamisha. Nikasema haya, fanya, lakini mimi nitaangalia.

"Utaangalia nini, kukhu?" Kwetu Wasamia bibi ni kukhu. "Hata Kiingereza chake husomi."

Nikamwambia nitamwangalia yeye, kwa kuwa yeye namsoma.

Aliyafanyia sebuleni, kwenye meza ya chakula, Jumamosi, kwa sababu chumbani kwake hakuna soketi. Lile la kwanza alipata alama ya juu kuliko waliyoitaka wale wa chuo, tena kwa mbali. Alinikumbatia mikono yangu ingali na unga. La pili likawa hivyo hivyo. Akaanza kuuliza bei za koti zito. Majirani wakaanza kumwita profesa, na mimi, sitadanganya, nilikuwa nageuka nikiitwa bibi yake profesa.

Lakini usiku nilizirudia kichwani zile alama. Zilikuwa alama nzuri mno, zimepangwa juu ya gunia.

Nilianza kumshuku kila mtu. Nilishuku kompyuta, ambayo aliinunua kwa mtu wa Malaba asiyekumbuka aliipata wapi. Nilishuku wenye mtihani, kwamba wanalegeza yale ya bure ili watoto wajione wakali, wajiandikishe, waanguke, wajiandikishe tena. Nilimshuku hata mjukuu wangu, Mungu anajua, kwamba anachungulia majibu. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilibeba njugu za kubangua nikaketi sebuleni, kimya, nyuma yake.

Alianza. Hakuchungulia kitu. Alikuwa anaandika hesabu kwenye karatasi, anafuta, anaandika. Baada ya muda akaingia katekista wetu kuulizia michango ya paa la kanisa. Nikamwita mjukuu wangu bila hata kufikiri, kama ninavyovuta pumzi. Akainuka, akaja, akapiga magoti, akamsalimia, akauliza hali ya mke wake, ya watoto, ya mama yake mgonjwa, ya ng'ombe. Akaleta maji. Akaleta chai. Alipoondoka akarudi mezani na kuendelea.

Haikupita muda akaja jirani wa nyuma na dada yake. Magoti tena, hali za nyumbani tena, chai tena. Halafu akaja mtu wa Masafu na habari za magunia yangu yaliyonyeshewa. Kwetu mtu mzima akiingia, msichana habaki amekaa. Awe na digrii au awe hana, anatoka, anapiga magoti. Mimi ndiye niliyemfundisha, na kwa hilo nasifiwa mpaka Lumino.

Yule wa Masafu alipoondoka nilikuwa na njugu mdomoni. Niliacha kutafuna.

"Unapotoka kusalimia," nikamuuliza, "saa ya hicho kitu inakwenda?"

"Hapana. Naisimamisha. Kuna mahali unabonyeza."

"Na siku yenyewe utabonyeza?"

"Siku yenyewe hakuna mahali pa kubonyeza, kukhu. Lakini siku yenyewe hakutakuwa na wageni."

"Sawa. Sasa hivi ulipokuwa unamimina chai, ulikuwa unafikiria nini?"

Akacheka. Halafu uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama maji yanavyoanza kuchemka, akageuka kuitazama kompyuta.

"Lile swali la mwisho," akasema. "Nilipata jibu nikiwa nimepiga magoti."

Nikaziweka njugu chini. Jua lilikuwa limeingia mpaka kwenye miguu ya meza. Wageni wote wale, Jumamosi zote zile, na kila mmoja amemletea mjukuu wangu muda wa ziada mfukoni bila yeye mwenyewe kujua. Swali likimshinda, mgeni anabisha hodi, saa inasimama, kichwa kinaendelea kufanya kazi jikoni. Anarudi amepumzika, jibu liko mkononi. Wenye mtihani hawakuwa wamemdanganya, wala kompyuta ya Malaba. Chupa ikiwa na unyevu itakupa habari za uongo hata mahindi yawe ya aina gani, na chupa hii ilikuwa sebule yangu.

Lilikuwa limebaki jaribio moja ambalo hajalifungua. Yale mengine hayakufaa tena, maana swali ulilokwisha kulijibu si swali, ni kumbukumbu. Na siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa imekaribia: ama ajiandikishe, ama awaandikie wale wa chuo wamsubiri mwaka na ufadhili ukae hewani. Tukakubaliana kwamba hilo moja atalifanya chumbani, waya wa umeme umepitishwa dirishani, mlango umefungwa, saa isisimamishwe na yeyote, hata yeye mwenyewe. Akilipata vizuri anakwenda. Asipolipata anawaandikia.

Mimi nilitoa kigoda nikakiweka mlangoni pa chumba chake. Jirani alipokuja nilimwambia mtoto anafanya kazi, akaelewa, akaenda zake. Katekista nilimpungia mkono tangu akiwa barabarani.

Halafu akaja wifi yangu.

Wifi huyu ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu. Alitoka Lumino na pikipiki, amevaa gauni lake la gomesi la kwenda kanisani, kwapani ameshika kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Yeye huja mara chache, na akija anataka nyumba yote isimame. Alikaa, akatazama huku na huku, akauliza mtoto yuko wapi. Nikasema yuko ndani. Akangoja. Mtoto hakutoka.

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anafanya mtihani."

"Mtihani gani nyumbani? Mwalimu wake yuko wapi?"

Nikaanza kumweleza kwamba si mtihani wenyewe, ni wa majaribio, na hapo nikasikia jinsi maneno yangu yalivyosikika. Namfungia mlango shangazi wa baba wa mtoto kwa ajili ya mtihani ambao si mtihani. Wifi alinyanyua sauti, na hakuinyanyua kwangu, aliielekeza mlangoni.

"Kumbe mgonjwa ni mimi," akasema, "mgonjwa wa kutoonekana. Nimetoka Lumino mzima, nimefika hapa nimekuwa upepo."

Ndani kiti kikalia. Mjukuu wangu alikuwa ameinuka. Namjua: magoti yake yalikuwa yamekwisha kuanza kukunjika. Nikaweka mguu wangu kwenye mlango, nikakaza kisigino.

"Kaa," nikasema kwa sauti ya kawaida. Sikumwambia wifi yangu, ila wifi yangu ndiye aliyedhani ameambiwa.

Alisimama. Maji niliyompa aliyaacha kwenye kikombe bila kuyagusa, na anayejua kwetu anajua hilo ni neno zito kuliko matusi. Alipofika uani akarudi. Nilidhani amelainika. Alikuwa amemfuata kuku wake. Akamtia kwapani, kuku akapiga kelele, wakaenda wote wawili.

Kiti hakikulia tena mpaka mwisho.

Alipofungua mlango alikuwa na macho mekundu. Alama ilikuwa imeporomoka kutoka zile za Jumamosi za chai, imekuja kukaa juu tu ya ile waliyoitaka chuoni. Juu kwa upana wa punje. Upepo mdogo tu, iko chini.

 Nilitaka kumwambia aahirishe. Nilitaka pia kumwambia alama hiyo nayo haifai, kwa sababu alifanya huku wifi yangu anapiga kelele, na kwenye mtihani wenyewe wifi yangu hatakuwepo. Kwa upande mwingine kutakuwa na vitu vingine ambavyo hatuvijui. Mtu mwenye shaka kama mimi anaweza kuzunguka gunia moja mpaka jua litue.

"Hii ndiyo naiamini," akasema. "Zile nyingine nilizipenda tu. Naenda, kukhu."

Nikamuuliza na ikianguka?

"Ikianguka itakuwa ni yangu. Haitakuwa ya katekista."

Alijiandikisha jioni ileile.

Siku ya mtihani alikuwa Kampala na mimi nilikuwa kibandani kwangu mpakani, nimegombana na wateja wote waliokuja. Nilimkatalia mtu mahindi mazuri kabisa. Simu iliita mchana. Akasema kompyuta huwa inakuonyesha alama palepale ukimaliza, na ameiona. Ilikuwa karibu sana na ile ya mlango uliofungwa: sehemu ya Kiingereza imeshuka kidogo, ya hesabu imepanda kidogo. Ameifikia. Ameipita kidogo.

"Nani mwingine ameiona?" nikamuuliza.

"Kukhu."

"Nauliza. Uliiona peke yako?"

Sikupiga vigelegele. Nilingoja mpaka chuo kilipoandika chenyewe, na hata hapo nilimwambia asome tena, polepole. Ndipo nikapiga, na nilipiga vizuri, mpaka upande wa Kenya wakauliza kuna nini.

Jioni ile ya mtihani, aliporudi kutoka Kampala, nilimuuliza kama yale ya majaribio yalifanana na yale ya kweli. Alifikiri akiwa anavua viatu. Akasema maswali yalifanana, ugumu ulifanana, hata rangi ya kioo ilifanana. Kitu ambacho hakikufanana ni kwamba alipokwama kwenye swali moja, aliinua kichwa akatazama mlango, akingoja mtu aingie. Chumba kimejaa watu na hakuna hata mmoja anayemwita. Akarudisha macho kwenye kioo, akaendelea.

Kisha tukaenda Lumino, kwa kuwa deni la magoti lilikuwa pale pale. Wifi yangu tulimkuta uani anapepeta wimbi, wala hakusimama. Mjukuu wangu akapiga magoti kwenye makapi ya wimbi, akasalimia. Wifi akajibu. Halafu akaanza kuuliza hali ya kila mtu, mmoja mmoja, ya watu wa Busia, ya watu wa Masafu, ya marafiki wa marehemu mume wangu ambao nao ni marehemu, na mtoto akajibu yote magotini bila kutikisika. Mtihani ule ulikuwa mrefu kuliko wa Kampala.

Mwishoni akanigeukia mimi. Nilimweleza habari ya saa: kwamba inasimamishwa mgeni akija, na kwamba ndiyo iliyokuwa inatudanganya.

"Kwa hiyo saa ilikuwa inawangoja wageni wote," akasema, "imefika kwangu ndiyo ikakataa."

"Ndiyo."

"Na kwangu ndiyo ilisema kweli."

"Ndiyo, wifi."

Akapepeta kidogo. Niliona jambo hilo linampendeza na hataki lionekane. Akamwambia mjukuu wangu ainuke, akamshike yule kuku mwekundu nyuma ya jiko, wa kuuza anunue koti la baridi au wa mchuzi, atachagua mwenyewe.

Kuku alipoletwa niliwekewa mikononi. Nikampapasa kifuani, nikampima uzito, nikamtazama chini ya mabawa, kisha nikashukuru.

"Hata zawadi unaipima?" wifi akaniuliza.

Nikamwambia huyu alikwisha kutoka nyumbani kwangu mara moja bila kuaga. Naangalia kama ni yuleyule.